Dakika Kumi na Mbili za Ndoto

Mtoto wa Sayi alikuwa na umri wa siku tisa, na ukijumlisha muda wote aliokuwa amenyamaza tangu azaliwe, usingetosha kuivisha chungu kimoja cha maharage. Hayo yalikuwa maneno ya majirani, na majirani wa Makazi Mapya hawana mzaha na kelele. Mji wa mgodi unalala mchana kwa zamu, na kila saa ya usingizi ina mwenyewe.

Tumpe alikuwa ndani ya Jumba la Usingizi, anawavalisha vilemba wachimbaji waliopanda kutoka shimoni asubuhi ile. Vilivyoitwa vilemba vilikuwa mikanda mipana ya kitambaa chenye nyuzi za fedha, na yeye na wenzake, waliovifunga na kuvifungua, waliitwa walazaji. Alifunga kilemba cha mwisho kwenye safu ya tatu, kichwani kwa mchimbaji mmoja mnene aliyependa utani.

"Mlazaji, leo niachie ndoto moja tu. Ya pilau."

"Pilau utaiota ukistaafu," Tumpe alimjibu. "Fumba macho."

Jamaa akafumba. Kwenye kioo cha kitanda chake mawimbi yalianza kutulia, yakarefuka, yakawa mapana. Baada ya muda kope zake zilianza kuchezacheza, mboni zikienda huku na huku chini ya ngozi, dalili kwamba ndoto inabisha hodi. Kilemba kilitoa mlio mdogo, kikausukuma ubongo urudi chini kwenye usingizi mzito. Kope zikatulia. Ndivyo kilivyofanya kazi, wala hakuna uchawi. Wahandisi waliokuja na chombo kile waliiona ndoto kuwa ni upotevu, saa mbili kila siku ambazo ubongo unacheza wakati ungeweza kupumzika. Walipoiondoa, saa tatu za kulala zikatosha kabisa. Watu wa Makazi Mapya wakajikuta na saa tano za ziada kila siku. Wakafungua vibanda, wakasoma, wakajenga. Ndoto waliisahau kama mtu anavyosahau kijiji alichozaliwa, anakitaja kwa mapenzi ila nauli ya kwenda haitoi.

Simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa sauti ya Sayi, dada wa marehemu mumewe, na nyuma ya sauti hiyo kilio cha kichanga.

"Wifi, ukitoka njoo moja kwa moja nyumbani. Mama amegoma kuvaa kilemba."

*

Bi Nyanzobe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kilemba chake kilikuwa kimetupwa juu ya kabati. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ambayo miaka sabini na minne ilikuwa haijaipunguza hata kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkamwana wangu. Kaa. Mtoto analilia jina."

"Daktari alisema ni tumbo."

"Daktari ameangalia tumbo, ameangalia masikio, ameangalia mpaka choo. Jina halionekani kwenye mashine." Alimeza, akafuta vidole. "Hanyonyi. Akishika titi anaachia. Unafikiri anamwachia nani nafasi?"

Tumpe alikuwa ameishi na ukoo ule miaka kumi, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Kwao jina la mtoto halichaguliwi, linaletwa. Aliyekufa anamjia ndotoni mmoja wa wakubwa wa nyumba, anaomba, na kesho yake mtoto anaitwa hivyo na kutulia. Jina la Sayi mwenyewe lililetwa na shangazi wa baba yake, aliyekuja na kinu begani akidai wamempa nafasi ndogo ya kukaa. Mambo ya namna hiyo yalisimuliwa pale nyumbani kama watu wengine wanavyosimulia habari za posta.

"Sasa niambie," Bi Nyanzobe aliendelea, "huyo anayekuja atapitia wapi? Sayi halali hata robo saa. Na mimi miaka minne nalala kama gogo."

Maneno hayo yalimchoma Tumpe, maana aliyemlaza kama gogo ni yeye. Bundala, mume wa Tumpe, alipofukiwa na mwamba huko chini, mama yake alikaa siku kumi na moja bila kufumba jicho, akizunguka ua na kuongea na kuku. Siku ya kumi na mbili Tumpe alitoka kazini na kilemba kimoja ndani ya gauni, akamvalisha bibi. Alilala. Watu wote walimshukuru Tumpe, na yeye akavaa chake akalala vilevile. Ilikuwa huruma tupu. Hakuna aliyefikiri kwamba labda siku hiyohiyo marehemu alikuwa njiani anakuja kuaga.

"Huwezi kuvua tu, mama. Ndoto za miaka minne zitakuja zote kwa mkupuo. Kuna mchimbaji alikwenda likizo kwao akakiacha kilemba huku, walimkuta juu ya paa anapigana na mawingu."

"Nitapigana."

"Njoo kazini kwangu kesho alasiri. Nitakufungulia dirisha dogo la ndoto, dakika kumi na mbili, huku nikiangalia moyo wako. Kwa umri wako ni mara moja tu kwa mwezi."

Bi Nyanzobe alifikiri. "Dakika kumi na mbili zinatosha," alisema. "Watu wetu hawana maneno mengi."

Sayi alimsindikiza wifi yake mpaka nje ya ua, mtoto kifuani, macho yamemvimba kwa kukesha. Alipoona hakuna anayesikia, akamshika mkono.

"Wifi, nyinyi mnaweza kumwingiza mtu kwenye ndoto. Nimesikia."

Ilikuwa kweli. Walazaji waliita jambo hilo mbegu. Wachimbaji waliochomolewa kwenye vifusi waliwahi kufunguliwa madirisha na kupandiwa sauti ya mke au harufu ya nyumbani, ili waache kupiga mayowe. Mbegu hiyo haikupandwa bila ridhaa ya mwenye kichwa.

"Mlete kaka," Sayi alisema. "Mama atafurahi, huyu atapata jina atulie. Na wewe utapata mume wa kubembeleza."

Tumpe alicheka kidogo kwa sababu Sayi naye alitaka kucheka. Mjane ambaye mtoto wa ukoo amepewa jina la mumewe ana haki zake. Anamwita "mume wangu" mbele za watu. Anamwogesha na kumtania kwamba siku hizi ameota kitambi, anamletea vizawadi, na akilia anamuuliza kama ana mke mwingine. Tumpe na Bundala hawakujaliwa mtoto. Jina lake lilikuwa limebaki kwenye saruji makaburini na kwenye simu moja ya zamani, basi. Kulisikia tena likiitwa asubuhi, mtu akiitwa aje kunywa uji! Alilitamani jambo hilo mpaka akaona aibu.

"Nitaona," alisema.

*

Alikuwa ameshaona. Jioni ileile alitoa kwenye simu ya zamani jumbe za sauti za Bundala alizozitunza, thelathini na moja kwa idadi, zote za mambo madogomadogo: usinisubiri kula, zamu imechelewa, umeweka wapi funguo. Mtambo wa mbegu ulizisikiliza sauti hizo, ukajifunza, na baada ya hapo ungeweza kusema chochote kwa sauti ya Bundala. Tumpe aliandika sentensi mbili. Alipozisikia zimesemwa, ilibidi aketi chini.

Kesho yake alasiri Bi Nyanzobe alilala kwenye kitanda cha pembeni, pale penye pazia. Sayi na mtoto walibaki kwenye benchi la nje, na kilio kilipita ukutani bila shida.

"Usikae mbali," bibi alisema.

"Niko hapa, mama."

"Kama atakuja mwingine nitampokea. Lakini nikikwambia simtaki Bundala nitakuwa nimesema uongo."

Akafumba macho. Mawimbi yakatulia. Tumpe aliangalia kitufe cha mbegu, akajiambia maneno yote ambayo mtu hujiambia. Kwamba mtoto hanyonyi. Kwamba bibi amesema mwenyewe anamtaka nani. Kwamba mbegu si uongo, ni msaada tu wa kufika mahali ambapo wangefika. Hakuwa amemwomba ridhaa, na alijua kwa nini hakumwomba. Kope zilipoanza kucheza, akabonyeza.

Kwa dakika kumi na mbili uso wa Bi Nyanzobe ulikuwa wa msichana. Alitabasamu. Chozi moja lilitoka kwenye jicho la kushoto likashuka hadi sikioni. Kisha kilemba kikalia, dirisha likafungwa, na baada ya muda akaamka.

Alifuta lile chozi kwa kiganja.

"Nimemwona," alisema.

"Bundala?"

"Kavaa shati lake la kijani. Amenyoa vizuri. Alisimama karibu hivi, ningenyoosha mkono ningemshika." Aliinuka taratibu, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Amesema, 'Mama, ni mimi Bundala. Mtoto apewe jina langu.'"

"Tumshukuru Mungu, mama."

"Ameniita mama."

"Ndiyo."

"Mwanangu hajawahi kuniita mama, tangu ulimi wake ufunguke. Ananiita mayu. Na hajawahi kunisemesha Kiswahili, hata siku aliyorudi kutoka chuoni amevaa tai. Huyu amenisemesha Kiswahili kilichonyooka, kama karani anayeita watu kwenye mkutano." Akamgeukia Tumpe. "Nikajiuliza, labda kifo kinamsahaulisha mtu lugha ya kwao. Halafu nimeamka nikauona uso wako."

 Tumpe alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Yeye na Bundala waliongea Kiswahili tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Mama na mwana waliongea Kisukuma, na yeye alikaa katikati na bakuli lake, akingoja aambiwe kilichowachekesha. Miaka sita alikaa hapo. Na alipoketi kuandika maneno ya marehemu, hakukumbuka kabisa kwamba mtu yule alikuwa na lugha nyingine, na kwamba humo ndimo mama yake alimokuwa akimjua.

"Njia ya mwongo ni fupi, mkamwana."

"Ni mimi, mama. Nimempandikiza mimi. Nisamehe."

Bi Nyanzobe hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Miaka minne namngoja," alisema. "Umechukua sura yake, ukaipa mdomo, ukaniletea. Sasa nijibu kitu kimoja. Kama mwanangu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya huyo wako, anangoja apishwe apite?"

 Tumpe alilia mikono yote miwili ikiwa usoni, na mkwewe akamwacha alie bila kumbembeleza. Nje kichanga kilikuwa kimeanza kukauka sauti.

"Nirudishe," bibi alisema.

"Haiwezekani. Moyo wako hautavumilia. Mpaka mwezi ujao."

"Mtoto hana mwezi." Alisimama, akapiga-piga mto kwa kiganja. "Panda wewe."

"Mimi?"

"Wewe ni mke wa nyumba hii. Wanakujua. Miaka minne unafungulia watu na kufunga, kichwa chako hujakifungua hata siku moja. Kwa nini?"

Tumpe alikuwa hajawahi kuambiwa aseme jambo hilo, na alishangaa lilivyotoka upesi. "Naogopa nitafungua nisimkute. Sasa hivi nasema ni kilemba kinanizuia nisimwone. Nikifungua nisimkute, nitasema nini?"

Bibi alimtazama, na ule ukali ukamlegea kidogo. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa mume siujui mimi, wangu nilimchoka mapema." Akavuta pazia. "Panda, mwanangu. Nitakushika miguu."

*

Alitega muda mwenyewe, akahakikisha mara mbili kwamba hakuna mbegu. Alifunga kilemba, akalala chali. Vidole vikavu vya Bi Nyanzobe vilizunguka vifundo vyake. Akashuka.

Kwanza palikuwa na ngazi za chumba chao cha zamani, ila zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na mvua ilikuwa inanyesha ndani tu. Halafu palikuwa na jiko. Bundala alikuwa amempa mgongo, suruali ya kazi, fulana yenye tundu begani, anafungua makopo na kufunga.

"Chumvi umeihamishia wapi?" aliuliza.

"Ipo palepale."

"Palepale wapi?"

"Mbele ya macho yako, Bundala."

Bundala akaicheka hasira ya mkewe, kwa pua, kama alivyozoea. Tumpe alitaka kumuuliza habari ya mtoto. Alijua kuna jambo alilotumwa, na watu wanamngoja, lakini ndotoni mtu haulizi analotaka. Alimshika shingo kwa nyuma, pale nywele zinapoishia. Pana joto. Mvua ilinyesha juu ya sufuria na haikuzima moto. Bundala alionja mchuzi kwenye kiganja, akasema umekolea, akamnyooshea na yeye aonje.

Kilemba kililia.

Alifumbua macho, na kitu cha kwanza alichohisi ni furaha kubwa, ya kijinga, ya mtu aliyekula akashiba. Bi Nyanzobe alikuwa bado ameshika miguu yake. Sayi alikuwa ameingia, mtoto begani, na wote wawili walikuwa wamemwinamia.

"Amekuja?" bibi aliuliza.

"Amekuja."

Sayi aliziba mdomo.

"Kasemaje?"

Hapo ndipo Tumpe alipotambua mahali alipofika. Safari hii hakukuwa na mtambo wala kitufe. Ndoto ilikuwa ndani ya kichwa chake peke yake, na Kiswahili ndiyo lugha ambayo Bundala angemsemesha. Neno moja lingetosha, na hakuna binadamu ambaye angeweza kulipinga. Macho ya Sayi yalimsihi alitamke. Hata ya bibi yalimsihi. Aliona kabisa kwamba mwanamke yule, aliyemkamata mwongo nusu saa iliyopita, sasa angemwamini. Mtoto angeitwa Bundala kabla ya jua kuzama. Angemwogesha. Angemwita mume wangu.

Lakini alijua pia kwamba akitia neno moja kwenye kinywa cha mtu yule wa jikoni, hatajua tena lipi Bundala alilisema mwenyewe na lipi alisemeshwa. Ilikuwa dakika kumi na mbili katika miaka minne. Hakuwa na nyingine.

"Ameuliza chumvi iko wapi," alisema. "Jina hakuomba."

"Hakuomba kabisa?" Sayi aliuliza.

"Hakuomba, wifi."

Sayi alikaa kwenye kitanda cha jirani kama mtu aliyekatwa miguu. Bi Nyanzobe alitazama ukuta. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Tumpe akadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka anakohoa.

"Chumvi! Imewekwa mbele yake, haioni! Tangu mtoto!" Alijifuta macho kwa upindo wa kanga, na sasa machozi yalikuwa ya kweli. "Huyo ndiye. Huyo ndiye mwanangu." Alipopata pumzi alisema, kwa sauti ya chini, "Basi huyu mtoto si Bundala."

Tumpe aliyasikia maneno hayo kama alivyosikia udongo wa kwanza ukidondoka kaburini. Akaitikia kwa kichwa.

"Tutawaita mmoja mmoja," bibi aliamua. "Sayi, toa titi."

Ni njia ya zamani zaidi, ya shida, inayotumika ndoto zikishindikana. Mtoto anawekwa kwenye titi na waliokufa wanatajwa, na jina atakaloshikia titi ndilo lake. Bi Nyanzobe alisimama katikati ya vitanda vya chuma na vioo vya mawimbi, akaanza. Alimtaja baba yake mumewe. Mtoto akageuza uso. Alitaja mganga maarufu wa ukoo, akataja mzee aliyekuwa na ng'ombe mia tatu, akataja kaka zake wawili. Kila jina kichanga kililia, na kila jina Tumpe alijua si lile, maana la Bundala yeye mwenyewe alikuwa amelitoa kwenye orodha.

Majina yaliisha. Bi Nyanzobe alikuna kichwa, anatafuta.

"Malongo," alisema, kama anayeuliza.

Mtoto alishika titi. Wote watatu walingoja aachie. Hakuachia, alivuta, akameza kwa sauti, akavuta tena, na kimya kilichofuata kilikuwa kigeni hata wachimbaji wawili wa safu ya kwanza walijigeuza usingizini.

"Malongo ni nani?" Tumpe alinong'ona.

"Mjomba wangu. Alikufa kijana machungani, mimi nikiwa na miaka kama kumi. Hakuoa, hakuacha mtoto. Hata mimi nilikuwa nimemsahau." Bibi alitikisa kichwa. "Miaka sitini na minne, jamani. Kumbe alikuwa kwenye foleni."

Mtoto aliposhiba Sayi alimwinua, akamfuta mdomo, akamnyooshea wifi yake bila kusema neno. Tumpe akampokea, mzito kwa maziwa, ametulia. Akamwita Malongo, mara moja, halafu mara ya pili kwa sauti zaidi, na akalia waziwazi mbele yao kwa sababu lilikuwa jina zuri na halikuwa lile.